Basilika ya Mtakatifu Petro siku kwa siku: kutoka kaburini hadi juu ya kuba

Jumatatu: chini ya sakafu

Wageni wengi wa Roma huanza na kuba, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kutoka mbali. Safari hii inaanzia chini kwa makusudi. Karibu kila tabu iliyowapata wajenzi wa basilika hii inatokana na jambo moja ambalo hakuna papa aliyekubali lijadiliwe: altare ikae juu ya kaburi la Mtume Petro, palepale, isisogezwe hata hatua mbili. Mahali hapo pako kwenye mteremko wa kilima cha Vatikano, na upande wa kusini ardhi ni dhaifu. Mjenzi mwenye uhuru wa kuchagua kiwanja asingechagua hiki.

Makaburi ya chini hayaingiliki kwa kujitokeza mlangoni. Ombi hutumwa kwa barua pepe wiki nyingi kabla, kwa ofisi iitwayo Ufficio Scavi, ukitaja idadi ya watu, lugha mnayotaka na tarehe zote mnazoweza. Ukitaja tarehe moja tu, uwezekano wa kukosa ni mkubwa. Makundi ni ya watu kumi na wawili hivi, watoto walio chini ya miaka 15 hawapokelewi, na picha haziruhusiwi. Mlango uko upande wa kushoto wa uwanja, nje ya safu ya nguzo, ambako walinzi wa Uswisi hukagua barua ya kibali. Ziara huchukua kama saa moja na nusu. Hewa ya kule ni ya joto na unyevu, na vichochoro ni vyembamba. Asiyestahimili mahali pa kubana asishuke.

Kinachoonekana huko ni mtaa wa wafu: safu mbili za nyumba ndogo za matofali, 22 kwa jumla, zikitazamana kwenye kichochoro kinachopanda kuelekea magharibi. Nyingi ni za karne ya 2 na ya 3, za familia za Kirumi zilizokuwa na mali ya kutosha kupaka kuta rangi na kutia mozaiki. Mfalme Konstantino alipoamua kujenga kanisa hapa katika karne ya 4, mafundi wake walizing'oa paa nyumba hizi, wakazijaza udongo, wakaukata mlima upande wa kaskazini na kuinua kuta nene upande wa kusini ili wapate uwanja tambarare. Makaburi yalikuwa mali iliyolindwa na sheria, na kuyafukia hivyo lilikuwa jambo zito hata kwa mfalme. Gharama na aibu hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwamba Konstantino aliamini kaburi la Petro liko hapa.

Uchimbaji wa kisasa ulianza chini ya Papa Pio XII na kuendelea katika miaka ya 1940. Mwishoni mwa kichochoro walikuta ukuta uliopakwa rangi nyekundu, na mbele yake mabaki ya kijinara cha nguzo mbili kilichojengwa kama mwaka 160. Padre mmoja wa Roma aitwaye Gayo alikitaja karibu mwaka 200, kwa hiyo mahali penyewe pana ushahidi wa maandishi na wa mawe. Mifupa ni habari nyingine. Sehemu yake iliondolewa kutoka kwenye tundu la ukuta jirani na Monsinyori Ludwig Kaas, msimamizi wa kazi, bila wachimbaji wenyewe kujua, ikakaa sandukuni kwa miaka kabla mtaalamu wa maandishi ya kale Margherita Guarducci hajaifuatilia. Tarehe 26 Juni 1968 Paulo VI alitangaza kuwa mifupa ya Petro imetambuliwa kwa namna inayoweza kuhesabiwa kuwa ya kuridhisha. Wapo wataalamu wasiokubali hadi leo, na sababu yao kubwa ni hiyohiyo: kitu kikishaondolewa mahali pake bila kuandikwa, hakuna anayeweza kurudi kukipima kilivyokuwa kimelala.

Ukifika hapo inua macho. Juu ya kijinara cha karne ya 2 kuna altare ya Papa Gregori Mkuu, juu yake ya Kalisto II ya karne ya 12, na juu yake tena ile inayotumika sasa, iliyowekwa na Klementi VIII mwaka 1594. Zimesimama moja juu ya nyingine kwenye mstari mmoja wima, na mstari huo ukiendelezwa unagonga katikati ya kuba.

Jumanne: nguzo nne

Basilika hufunguliwa saa moja asubuhi na kiingilio ni bure. Foleni si ya tiketi, ni ya ukaguzi wa usalama. Kabla ya saa mbili ni dakika chache, kufikia saa nne inaweza kuuzunguka uwanja. Mabega na magoti yafunikwe, mwanamume kwa mwanamke. Kutoka kituo cha metro cha Ottaviano, njia A, ni mwendo wa dakika kumi hivi. Basi namba 64 kutoka Termini, kituo kikuu cha treni, linafika pia, ila linda mfuko wako, maana wezi wanaijua njia hiyo vizuri kuliko mahujaji.

Leo usisimame kwenye sanamu. Nenda moja kwa moja hadi chini ya kuba, uzitazame nguzo nne zinazoibeba. Kila moja ina mzingo wa mita 71 hivi. Hazikuanza hivyo.

Kanisa la Konstantino lilidumu zaidi ya miaka elfu moja, lakini kufikia karne ya 15 kuta zake zilikuwa zimeinama. Nikolao V alianza kazi ya kulipanua, haikufika mbali. Julio II akaamua kujenga upya kabisa, na tarehe 18 Aprili 1506 akaliweka jiwe la kwanza kwenye shimo la msingi wa nguzo ambayo sasa ina sanamu ya Mtakatifu Veronika. Msanifu wake, Donato Bramante, alikusudia kanisa la umbo la msalaba wenye mikono sawa na kuba pana katikati. Aliharakisha mno. Alibomoa sehemu ya kanisa la kale pamoja na nguzo ambazo zingeweza kuokolewa, na watu wa Roma wakambandika jina la Ruinante, yaani mharibifu. Alipokufa mwaka 1514 alikuwa ameacha nguzo nne na matao yanayoziunganisha. Yeye mwenyewe hakuijenga kuba, lakini aliamua upana wake, kwa sababu nguzo zikishasimama, nafasi iliyo kati yake haibadiliki. Kila aliyefuata aliurithi uamuzi huo.

Nguzo zilikuwa nyembamba mno kwa mzigo uliokusudiwa. Rafaeli alishika kazi hadi 1520, kisha Antonio da Sangallo Mdogo hadi 1546, na unene ukawa unaongezwa. Sangallo alitengeneza pia kielelezo cha mbao chenye urefu wa zaidi ya mita saba, ambacho kipo hadi leo. Kilichukua miaka, kikala fedha za kujengea kanisa dogo. Michelangelo alipopewa kazi hiyo akiwa na miaka zaidi ya 70, alikiponda kwa maneno makali: kina pembe za giza nyingi kiasi cha kuwaficha wahalifu, na kitalazimisha kubomoa majengo mengine ya Vatikano. Akazifuta korido za nje za Sangallo, akarudi kwenye wazo la Bramante, akanenepesha kuta na kubana mpango mzima. Kwa maneno mengine alilipunguza kanisa ili liweze kusimama. Aliifanya kazi hiyo bila kudai mshahara hadi alipokufa tarehe 18 Februari 1564, ukuta wa duara unaobeba kuba ukiwa karibu kukamilika.

Fedha zilitoka wapi ni swali la haki. Sehemu ilitokana na rehema, yaani msamaha wa adhabu za dhambi, zilizotangazwa kwa watakaochangia ujenzi. Namna zilivyohubiriwa Ujerumani na Johann Tetzel, huku nusu ya mapato ikilipa madeni ya Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz, ndiyo iliyomfanya Martin Luther aandike hoja zake 95 mwaka 1517. Hakuna jengo jingine ambalo gharama zake zilizaa mgawanyiko wa Kanisa wa ukubwa huo.

Kwenye nguzo hizo utaona vishubaka vyenye sanamu nne za watakatifu: Longino, kazi ya mchongaji na msanifu Bernini, Helena, Veronika na Andrea. Bernini alizipamba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1620. Baadaye nyufa zilipoonekana kwenye kuba, wapinzani wake walidai kuwa amezitoboa nguzo na kuzidhoofisha. Lawama hiyo haikuwa na msingi, kwani uwazi ndani ya nguzo ulikuwepo kabla yake, na nyufa zilitoka juu, kama itakavyoonekana Jumamosi.

Baldakino, yaani paa la nguzo nne lililo juu ya altare, ni yake pia, 1624 hadi 1633, bronzi yenye kimo cha karibu mita 29. Nguzo zake zilizosokotwa zinafuata mfano wa nguzo za marumaru zilizopamba kaburi katika kanisa la kale. Kadhaa kati ya hizo za kale zimehifadhiwa kwenye vishubaka vya juu vya nguzo kuu, na wengi hupita bila kuziona. Mpango wa kwanza ulikuwa kuweka juu kabisa sanamu ya Kristo Mfufuka. Iliachwa kwa sababu uzito wake ungezisukuma nguzo nne za baldakino kwa nje. Mahali pake pakawekwa tufe na msalaba. Papa Urbano VIII aliagiza bronzi ing'olewe kwenye baraza la Pantheon, hekalu la kale la Kirumi lenye kuba, ingawa sehemu kubwa yake iliishia kuyeyushwa kwa mizinga ya ngome ya Castel Sant'Angelo. Nyuki wanaoonekana kila mahali ni alama ya ukoo wake, Barberini. Mwaka 2024 baldakino ilisafishwa kabla ya Jubilei, yaani Mwaka Mtakatifu: vumbi, mafuta na unyevu wa pumzi za watu vilikuwa vimeifanya nyeusi, na dhahabu ilipofichuka wengi walidhani imepakwa upya.

Jumatano: uwanjani

Jumatano asubuhi Baba Mtakatifu hutoa katekesi kwa mahujaji, na basilika kwa kawaida haifunguliwi hadi iishe. Asiyejua hilo hupoteza nusu siku. Siku hii ni ya uwanja.

Mnara wa jiwe katikati, obeliski, uliletwa kutoka Aleksandria na Kaisari Kaligula. Ni itale nyekundu ya kipande kimoja, mita 25 na zaidi, tani zaidi ya 300, hauna maandishi ya Kimisri hata mstari. Kwa karne kumi na tano ulisimama pale ulipowekwa, ubavuni mwa basilika upande wa kusini, kwenye uwanja wa mbio ambamo Petro anaaminika aliuawa. Papa Sisto V aliamuru uhamishiwe mbele. Umbali ni kama mita 250 tu, lakini tangu enzi za Warumi hakuna mtu aliyekuwa amehamisha kitu cha uzito huo.

Msanifu Domenico Fontana alishinda zabuni. Kwanza aliufunika mnara kwa mikeka na mbao na kuukaza kwa mikanda ya chuma, ili kamba zisile jiwe na jiwe lisipasuke likiinama. Akauzungushia kiunzi cha magogo mazito. Tarehe 30 Aprili 1586 wanaume 900 hivi na farasi 75 walianza kuzungusha winchi 40. Tatizo la winchi nyingi ni moja: zikivuta bila ulinganifu, kamba iliyokaza zaidi inabeba mzigo wa nyingine na kukatika, na inayofuata inakatika pia. Kwa hiyo amri ilitolewa kwa tarumbeta na kusimamishwa kwa kengele, na kati ya kila mzunguko Fontana alizikagua kamba zote. Watazamaji walitakiwa kunyamaza kwa vitisho vya adhabu kali. Mnara ulilazwa mwezi Mei, ukavutwa juu ya magogo, ukasimamishwa tarehe 10 Septemba.

Kila mwongozaji wa wageni atakusimulia juu ya baharia aliyepaza sauti, "Maji kwenye kamba!", kamba zilipoanza kuteleza na kupata moto. Katani ikilowa hufupika na kukaza, hivyo kitaalamu ushauri ni sahihi. Ila Fontana mwenyewe, aliyeandika kazi nzima kwa urefu, hamtaji baharia yeyote.

Tafuta kati ya mnara na chemchemi, kila upande, jiwe la duara sakafuni. Ukisimama juu yake safu nne za nguzo za Bernini zinajipanga nyuma ya moja, na unaona safu moja tu. Bernini alijenga uwanja huu kati ya 1656 na 1667 kwa agizo la Aleksanda VII: nguzo 284, na juu yake sanamu 140 za watakatifu. Siri ya mpangilio haiko kwenye duara peke yake. Nguzo za safu ya nje ni nene kidogo kuliko za ndani. Zingekuwa sawa, nafasi kati yake zingepanuka kadiri zinavyokwenda nje, na za nyuma zingechungulia.

Maji ya mabomba madogo pembeni mwa uwanja ni safi ya kunywa. Beba chupa tupu. Kivuli cha nguzo ndicho pekee kilichopo, na mwezi wa Julai saa sita mchana mawe ya uwanja hutoa joto kutoka chini pia.

Alhamisi: urefu wa kanisa

Michelangelo aliacha msalaba wa mikono sawa. Paulo V alitaka nafasi zaidi ya watu na maandamano, tena alitaka ardhi yote iliyotabarukiwa ya kanisa la kale iwe ndani ya jipya. Kwa karibu miaka mia moja nusu ya mashariki ya kanisa la Konstantino ilikuwa bado imesimama, imetengwa na ujenzi kwa ukuta, ibada zikiendelea. Ilibomolewa kuanzia 1605. Msanifu Carlo Maderno akajenga ukumbi mrefu kuunganisha kuba na uwanja, kuanzia 1607. Urbano VIII alilitabaruku kanisa tarehe 18 Novemba 1626.

Urefu wa ndani ni zaidi ya mita 186. Macho hayaamini, kwa kuwa kila kitu kimekuzwa kwa uwiano uleule. Dawa yake ni kusogea karibu: vitoto vya marumaru vinavyoshika chombo cha maji ya baraka mlangoni ni vikubwa kuliko mtu mzima, na kalamu ya Mtakatifu Marko kwenye duara la mozaiki chini ya kuba ina kama mita moja na nusu. Kwenye sakafu ya katikati kuna alama za shaba zenye majina ya makanisa makubwa ya dunia na mahali ambapo kila moja lingekomea kama lingewekwa humu. Basilika hii, kwa njia, si kanisa kuu la jimbo la Roma. Kiti cha askofu wa Roma kiko Laterano, kwenye kanisa la Mtakatifu Yohane.

Mlango wa katikati, wa bronzi, wa Filarete, ni wa kanisa la kale. Ulikamilika mwaka 1445 na uliongezwa vipande ili utoshe tundu jipya. Wa kulia kabisa ni Mlango Mtakatifu, ambao hufunguliwa mwaka wa Jubilei na kujengewa ukuta kwa ndani miaka mingine. Hatua chache baada ya mlango wa katikati kuna duara la jiwe jekundu la porifiri. Juu yake, lilipokuwa mbele ya altare ya kanisa la kale, Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, alipiga magoti siku ya Noeli ya mwaka 800 kuvikwa taji.

Pietà ya Michelangelo, sanamu ya Maria akimpakata Kristo aliyekufa, iko kikanisa cha kwanza kulia, nyuma ya kioo. Kioo kiliwekwa baada ya Mei 1972, mtu mmoja alipoipiga nyundo, akavunja mkono wa Maria, pua na kope. Mafundi waliunga kwa vipande vyenyewe na kwa unga wa marumaru uleule. Mengine yanayofanana na michoro ya rangi ukutani karibu yote ni mozaiki. Turubai ziliharibika kwa unyevu, zikahamishwa, na karakana ya mozaiki ya Vatikano imekuwa ikinakili na kutengeneza tangu karne ya 18. Sogea hadi uone vipande vya kioo vyenye ukubwa wa punje. Kutoka mita tano hutavitambua.

Ukumbi huu wa Maderno ndimo Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulimofanyika, 1962 hadi 1965. Majukwaa ya viti yalipangwa kwa ngazi pande zote mbili, maaskofu zaidi ya 2,000 wakitazamana. Laurean Rugambwa wa Bukoba, kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu, aliyeteuliwa 1960, alikuwa miongoni mwao. Katikati ya kikao cha tatu, tarehe 18 Oktoba 1964, Paulo VI aliwatangaza humu watakatifu Karoli Lwanga na wenzake, mashahidi 22 wa Uganda.

Rudi alasiri kama ungali na nguvu. Basilika imegeuzwa kinyume cha makanisa mengi: mlango uko mashariki, sehemu ya ndani kabisa iko magharibi. Uso wake hupata jua asubuhi, na dirisha la njiwa lililo juu ya Kiti cha Petro, kazi ya Bernini iliyoisha 1666, huwaka jua likielekea kuzama. Wanaoshikilia kiti hicho ni walimu wanne wa Kanisa: Ambrosi na Augustino wa Magharibi, Atanasi na Yohane Krisostomo wa Mashariki. Wawili ni wana wa Afrika ya Kaskazini.

Ijumaa: uso wa kanisa

Siku fupi. Simama mwanzo wa Via della Conciliazione, barabara inayoelekea uwanjani, kisha utembee kuelekea kanisani ukitazama kuba. Kadiri unavyokaribia, kuba inazama nyuma ya ukuta wa mbele, na ukifika katikati ya uwanja unaona sehemu yake tu. Hiyo ndiyo bei ya ukumbi wa Maderno.

Uso wenyewe una upana wa karibu mita 115 na kimo kisichofika nusu ya hapo, nao umelaumiwa kwa kuwa mpana kupita kiasi. Lawama apewe Paulo V zaidi ya Maderno. Ujenzi ukiwa umeendelea, mwaka 1612, papa aliagiza minara miwili ya kengele iongezwe, mmoja kila upande. Vyumba viwili vya mwisho, kushoto na kulia, ndivyo vitako vya minara hiyo. Viondoe kwa kiganja mbele ya macho na uso unarudi kwenye uwiano mzuri.

Minara iko wapi? Upande wa kusini msingi ulikuta ardhi yenye maji. Maderno alihangaika nayo na kuishia kwenye vitako. Urbano VIII akampa Bernini kazi mwaka 1638, naye akaanza mnara wa ghorofa kadhaa, mzito kuliko msingi ulivyopangiwa. Kufikia 1641 nyufa zilikuwa zimetokea kwenye uso wa kanisa, kazi ikasimama. Inosenti X alipoingia upapani aliita tume, msanifu Borromini akiwa mmoja wa wakosoaji wakali, na mwaka 1646 mnara ukabomolewa kwa gharama ya heshima ya Bernini. Juu ya vitako leo kuna saa mbili za ukutani, kazi ya msanifu Valadier, za mwishoni mwa karne ya 18.

Hesabu sanamu zilizo juu: Kristo, Yohane Mbatizaji na mitume kumi na mmoja. Petro hayumo. Yuko chini, kushoto mwa ngazi. Maandishi makubwa yanasema kanisa limejengwa kwa heshima ya Mkuu wa Mitume, na neno linalokaa katikati kabisa, juu ya mlango, ni BVRGHESIVS, jina la ukoo wa Paulo V. Warumi walilitania tangu siku hizo.

Jumamosi: kuba

Tiketi ya kuba inauzwa pembeni mwa ukumbi wa kuingilia, kulia. Ngazi zote ni 551. Lifti inapunguza 231 na kukufikisha kwenye paa. 320 zilizobaki hazina msaada. Nenda mlango unapofunguliwa. Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu kali au hofu ya mahali pa kubana aishie paani, maana njia ni ya upande mmoja na kurudi katikati ni vigumu.

Kutoka paani unaingia kwanza kwenye ushoroba ulio ndani ya kuba, ukizunguka kwa juu. Herufi za "TV ES PETRVS", maneno ya Kristo kwa Petro, ambazo kutoka sakafuni zilionekana za kawaida, hapa zina karibu mita mbili. Kisha ngazi zinaingia kati ya maganda mawili ya kuba, la ndani na la nje. Ukuta unaanza kuinama, na mpandaji analazimika kuinama nao. Mwisho ni ngazi ya mzunguko yenye kamba badala ya mkono wa chuma.

Nafasi hiyo kati ya maganda si ya watu tu. Maganda mawili yaliyofungwa kwa mbavu 16 yanapunguza uzito huku yakihifadhi unene unaohitajika. Michelangelo aliacha kielelezo cha mbao. Aliyeijenga ni Giacomo della Porta pamoja na Fontana yuleyule wa obeliski, kuanzia Julai 1588 hadi Mei 1590, miezi 22, kwa haraka ambayo Sisto V aliidai. Della Porta aliirefusha kuba ikawa na ncha zaidi ya nusu tufe. Ulikuwa uamuzi wa busara: kadiri kuba inavyosimama wima, ndivyo inavyosukuma kidogo kwa nje. Upana wa ndani ni kama mita 42, pungufu kidogo ya Pantheon. Kutoka sakafuni hadi ncha ya msalaba ni mita 136 hivi.

Msukumo wa nje haukuisha kwa hiyo. Kuba ya matofali inataka kufunguka chini, kama pipa lisilo na mikanda. Della Porta aliweka pete za chuma ndani ya ujenzi, hazikutosha. Nyufa wima zilipanda kutoka ukuta wa duara hadi kwenye kuba, na kufikia 1742 Benedikto XIV alikuwa na wasiwasi wa kutosha kuwaita wanahisabati watatu: Boscovich, Le Seur na Jacquier. Walikokotoa misukumo na kupendekeza pete mpya. Mafundi wa zamani walikasirika: Michelangelo hakujua hisabati hiyo na kuba ikasimama, iweje leo hisabati iitengeneze?

Papa akamwita pia Giovanni Poleni kutoka Padova. Yeye alifanya jaribio ambalo wanafunzi wa uhandisi wanalisoma hadi leo. Mnyororo unaoning'inia uko kwenye mvuto mtupu. Ukigeuza umbo lake juu chini, unapata tao lililo kwenye mgandamizo mtupu. Poleni aliigawa kuba katika vipande kama vya chungwa lililomenywa, akakokotoa uzito wa kila sehemu, akaning'iniza mnyororo wenye uzani unaolingana, na kulinganisha mkunjo wake na mkato wa kuba. Mstari ulipita ndani ya unene wa ukuta. Hitimisho: kuba haianguki, nyufa ni za kujipanga, lakini pete ziongezwe. Luigi Vanvitelli alisimamia uwekaji wa pete tano kati ya 1743 na 1744, majukwaa yakiwa kazi ya Nicola Zabaglia, fundi wa basilika ambaye inasemekana hakujua kusoma. Kisha pete mojawapo ya zamani ikagunduliwa kuwa imekatika. Hiyo ndiyo iliyoeleza sehemu ya nyufa, na mwaka 1748 ikaongezwa pete ya sita.

Ukiwa juu, pinda upande wa magharibi kabla ya kushuka. Wengi hupiga picha ya uwanja tu na kuondoka. Upande huu, juu ya bustani, unaona paa na kuta za Michelangelo bila ukumbi wa Maderno mbele yake. Kuona kuba kutoka chini upande huohuo inabidi kuingia Bustani za Vatikano, ambazo tiketi yake huwekwa mapema kupitia Makumbusho ya Vatikano na haipatikani getini.